Wembe wa kukunja wa babu: chapa imeliwa na kutu, chini inasomeka OHLIGS. Naomba msaada

Kinyozi wa Ngamiani

Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni. Mimi ni kinyozi hapa Tanga, kibanda changu kipo Ngamiani. Naleta kwenu wembe wa kukunja wa marehemu babu mzaa baba. Naomba mwenye ujuzi wa vyuma vya zamani anisaidie kujua nani aliutengeneza na lini, kisha niusafishe vipi bila kuuharibu.

Babu alikuwa kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza. Mkonge hakukata. Alikuwa mtu wa ndani kwa meneja Mjerumani, anafua na kupiga pasi, na jioni za siku ya malipo anawanyoa manamba kambini kwa senti chache. Baba alihadithiwa kwamba wembe huu babu alipewa na yule bwana wake. Aliutumia mpaka viwembe vya kutupa vilipojaa madukani. Baada ya hapo ukakaa kwa shangazi, umefungwa kwenye kipande cha kaniki ndani ya kopo la maziwa ya unga. Juzi juzi akaniita, akasema katika ukoo mzima aliyeshika kazi ya kunyoa ni mimi, basi niuchukue.

Nieleze ulivyo, maana picha za simu yangu hazioneshi kitu. Upana wa ubapa kisiginoni ni milimita 16, katikati 15, kuelekea ncha 15 na nusu. Mgongo una unene wa milimita 4.3. Ncha ni ya mviringo. Ubapa umechimbwa pande zote mbili, yaani umesagwa ukabonyea kati ya mgongo na makali, mwembamba kiasi kwamba ukipitisha ukucha kwenye makali unalia. Kwenye mgongo kuna mstari bapa unaong'aa kila upande, ila wa kulia ni mpana karibu mara mbili ya wa kushoto. Makali yenyewe katikati yameingia ndani kidogo, unaona mwanga ukiyasimamisha juu ya kioo.

Kutu ni za aina mbili. Mgongo na shingo, sehemu zinazobaki nje wembe ukiwa umefungwa, zina madoa meusi tu. Sehemu inayolala ndani ya mpini ina kutu nyekundu yenye vishimo, na inakatika pale pale mpini unapoishia.

Mpini una rangi ya asali yenye mabaka ya kahawia mfano wa gamba la kasa. Umepasuka kwenye ripiti (kipini cha chuma kinachoufunga) ya chini, na upande mmoja umejikunja. Ukiunusa unatoa harufu ya karafuu maiti. Shangazi anaapa hajapata kuweka karafuu maiti kwenye lile kopo.

Chapa ipo shingoni. Mstari wa juu umeliwa, mwishoni naona "& SÖHNE". Wa chini unasomeka vizuri: OHLIGS b. SOLINGEN. Upande wa pili: FEINSTER SILBERSTAHL. Neno Germany halipo popote.

Jirani yangu mwenye grainda anasema nimpelekee, dakika chache tu utang'aa kama mpya. Mwingine anasema niulaze kwenye maji ya ndimu usiku kucha. Na kuna mtu kaniambia hilo neno la upande wa pili maana yake chuma kimechanganywa na fedha. Nimeona nisifanye lolote kwanza, niulize.

Mzee wa Pangani

Marahaba mjukuu wangu. Grainda usiisogelee. Mimi ni fundi chuma, na hilo naliona kila mwaka kwenye mapanga na visu vya watu.

Ubapa uliochimbwa hivyo, ukikaribia makali, haufiki nusu milimita. Jiwe la mota likigusa hapo joto halina pa kwenda. Utaona chuma kinageuka rangi: njano ya majani makavu, kisha zambarau, kisha buluu. Njano hiyo ni kama nyuzi 220, buluu inakaribia 300. Wembe baada ya kuzimwa, yaani kuchovywa ukiwa wa moto ili uwe mgumu, hupashwa tena kwa joto la chini, nyuzi 150 mpaka 200 hivi, ili usiwe wa kumeguka. Ukishaona rangi yoyote ujue ugumu umeondoka. Kuurudisha ni kuuchoma upya na kuuzima upya, na ubapa mwembamba namna hiyo utapinda au utapasuka mikononi mwako.

Ndimu nayo haichagui. Inakula kutu na inakula chuma kizima, na hizo herufi zilizobaki zitakuwa za kwanza kuondoka.

Swali langu: hiyo ripiti ya chini, palipopasuka, ni ya namna moja na ya juu? Itazame vizuri uniambie. Hayo ya Kijerumani wapo wa kukujibu.

Mtanga wa Wuppertal

Mkuu, mimi ni mzaliwa wa Tanga, Chumbageni, na sasa naishi Wuppertal, Ujerumani. Hiyo Ohligs yako ipo jirani na mimi. Ukishuka leo stesheni kuu ya Solingen, mji wa visu na nyembe, umeshuka Ohligs. Kwa hiyo nitaandika kwa kirefu, univumilie.

Kwanza la haraka kuliko yote. Tenganisha ubapa na mpini, leo kama unaweza. Shangazi anasema kweli kuhusu lile kopo. Mpini wako ni wa seluloidi, plastiki ya mwanzo mwanzo, na kilichokuwa kinaifanya inyumbulike ni kafuri, yaani hiyo hiyo karafuu maiti unayoinusa. Ikizeeka, kafuri inatoka, plastiki inajikunja na kupasuka, na yenyewe inaanza kuoza na kutoa mvuke wa asidi. Ndiyo maana kutu nyekundu imefuata umbo la mpini na kuishia ulipoishia. Kopo lililofungwa liliuzuia ule mvuke usitoke. Mpini usiutupe, lakini uweke mbali, kwenye bahasha ya karatasi, mahali penye hewa, si kwenye mfuko wa nailoni. Na akitokea mtu wa kukwambia uupime kwa sindano ya moto, mkatalie: seluloidi inashika moto vibaya sana.

Ubapa ukishakuwa peke yake, uoshe kwa maji yenye soda ya kupikia kidogo ili kuua asidi iliyobaki, suuza, kausha papo hapo, paka mafuta ya cherehani. Mafuta ya nazi au ya kupikia usitumie, yanaganda na kunata.

Sasa Ohligs. Mji huo zamani uliitwa Merscheid, jina likabadilishwa kuwa Ohligs mwaka 1891. Tarehe 1 Agosti 1929 Ohligs, Wald, Gräfrath na Höhscheid iliunganishwa na Solingen ikawa mji mmoja. Kwa hiyo wembe unaosema OHLIGS karibu na Solingen kwa kawaida unaangukia kati ya miaka hiyo miwili. Wapo waliokuwa na vyuma vya kugongea chapa na wakaendelea kuvitumia baada ya 1929, hilo ulikumbuke, lakini dirisha lako ni hilo.

Kukosekana kwa neno Germany nako kunasema kitu. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1887 iliyowasukuma wafanyabiashara kuandika bidhaa za kigeni zimetoka wapi, na Marekani ikaja na sheria yake ya ushuru ya 1890. Wembe uliolengwa kwa Mwingereza au Mmarekani unakuwa na neno hilo kwa Kiingereza. Wako hauna. Ulitengenezwa kuuzwa kwa Wajerumani wenyewe, huku kwao au huko kwetu. Hadithi ya baba yako inakaa vizuri hapo. Ila usikimbilie kusema ni wa kabla ya vita ya kwanza. Waingereza waliingia Tanga Julai 1916 na Wajerumani wakaondolewa, lakini kuanzia 1925 waliruhusiwa kurudi Tanganyika, na wengi walirudi kwenye mkonge, mpaka vita ya pili ilipoanza 1939 wakakamatwa tena. Yule meneja anaweza kuwa wa kipindi cha kwanza au cha pili. Ukijua babu alizaliwa lini, au alikuwa mkubwa kiasi gani vita ya kwanza inapigwa, utajua zaidi kuliko chapa inavyoweza kukwambia.

SILBERSTAHL, yaani "chuma cha fedha", haina fedha. Huko London, karibu mwaka 1820, Michael Faraday na James Stodart walijaribu kuchanganya chuma cha pua na fedha kidogo sana, jina likapendwa, na wauzaji wakalibeba. Kwenye nyembe ni tangazo la biashara tu. Anayetaka kununua wembe wako kwa bei ya fedha mwache aende zake.

Nije kwenye swali lako la nani aliutengeneza. Hili linanigusa, kwa sababu watu wanatafuta jina shingoni wakidhani wamempata fundi. Solingen haikufanya kazi hivyo. Kazi iligawanywa. Mmoja anafua, mwingine anazima, mwingine anachimba ubapa kwenye mawe, mwingine anafunga mipini. Wachimbaji wengi walikuwa mafundi wa kujitegemea. Walifanya kazi kwenye vibanda vya kando ya mito, jiwe likizungushwa na maji, baadaye kwenye karakana walizokodi nafasi. Mwenye jina mara nyingi alikuwa ni mfanyabiashara aliyekusanya, akagonga chapa, akauza. Ipo karakana moja ya kufulia, Hendrichs, pale pale Merscheid, iliyoanza 1886 na kufanya kazi miaka mia moja, sasa ni makumbusho. Humo walifua mikasi ambayo haikubeba jina lao, ilikwenda kwa wengine wakaimalizia na kuiandika majina yao. Na wale wachimbaji walivuta vumbi la mawe siku nzima, wengi wakafa na mapafu mabovu wakiwa bado vijana. Kuchimba ubapa mpaka ulie kwenye ukucha kama wako ilikuwa kazi ngumu kuliko zote, na aliyeifanya hakuandikwa popote.

Hata hivyo jina tulitafute. Fanya hivi: zima taa ya chumba, washa tochi ya simu uilaze kabisa pembeni ya shingo, mwanga upite juu ya herufi badala ya kuzipiga usoni. Zungusha polepole. Kisha weka karatasi nyembamba juu yake, sugua kwa penseli laini. Usipitishe msasa hapo kabisa, hata ule laini kuliko yote. Nitumie karatasi hiyo. Gräfrath kuna makumbusho ya vyuma vyenye makali, ndani ya jengo lililokuwa monasteri, na Ujerumani chapa za biashara zilianza kusajiliwa kwa sheria ya mwaka 1874, kwa hiyo orodha zipo za kulinganisha.

La mwisho kwa leo. Umesema mstari bapa wa mgongoni kulia ni mpana mara mbili ya kushoto. Huo hakuuweka Mjerumani. Wembe hunolewa mgongo na makali vikiwa vimelala pamoja kwenye kinoo, kwa hiyo kila ukinolewa mgongo unalika kidogo. Upana ule ni miaka mingi ya kunoa, kwenye kinoo kigumu, na mtu aliyekuwa anakandamiza zaidi akipeleka upande mmoja kuliko akirudisha mwingine. Makali kuingia ndani katikati ni kinoo hicho hicho, kilikuwa kimevimba katikati au alikuwa anabonyeza hapo kwa kidole. Huyo ni babu yako. Ukisugua mgongo ukawa laini umemfuta.

Kinyozi wa Ngamiani

Asanteni sana, sina la kuwalipa. Nimefanya kama mlivyoelekeza.

Mzee wangu wa Pangani, umeuliza jambo ambalo sikuwa nimelitazama. Ripiti ya juu ni ya njano na ina kikofia kidogo cha duara kila upande. Ya chini ni nyekundu, waya wa shaba mtupu, umegongwa kichwa ovyo kidogo na hauna kikofia. Nimezikata zote mbili kwa tupa nyembamba upande mmoja, nikazisukuma zikatoka bila kupasua zaidi. Zote nimeziweka kwenye karatasi na mpini.

Karatasi na penseli imetoa kitu. Mstari wa juu, kabla ya "& SÖHNE", kuna nafasi ya herufi saba hivi. Mbili za mwisho zimetoka wazi: ER. Kabla yake kuna mguu wa herufi, unaweza kuwa N au H. Mwanzoni kuna nukta iliyo mbali na nyingine, nadhani ni kifupi cha jina la kwanza.

Kuhusu babu: shangazi anasema babu alikuwa akisimulia vita ya Tanga ya 1914 kama mtoto aliyekimbiziwa porini na mama yake, wakisikia mizinga. Alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Hakuwa na bwana wala kazi wakati ule.

Nauliza sasa: kutu nyekundu naiondoa kwa nini? Na mpini mpya nitengeneze kwa kitu gani? Nataka wembe huu ninyolee.

Mtanga wa Wuppertal

Basi hapo umejijibu mwenyewe kuhusu miaka. Mtoto wa kuchunga mbuzi mwaka 1914 hakupewa wembe na meneja kabla ya 1916. Mjerumani wako ni wa wale waliorudi baada ya 1925. Wembe wenyewe unaweza kuwa mkubwa kuliko hapo, mtu husafiri na wembe wake, lakini mkononi mwa babu uliingia kati ya 1925 na 1939. Nimefurahi sana kusoma habari ya hiyo mizinga.

Majina ya Kijerumani yanayoishia na ER ni mengi mno, lakini ER pamoja na SÖHNE, yaani "na wanawe", pamoja na Ohligs ni uwanja mdogo kuliko ulivyodhani. Tuma ile karatasi, nitaipeleka Gräfrath.

Kutu: anza na mafuta. Paka, acha usiku, kisha kwangua ile nyekundu kwa kiwembe cha kawaida ukikilaza karibu bapa. Utaona inatoka kama unga wa kahawia na chini yake kuna weusi. Ule weusi uuache, umeganda na hauli tena. Ukitaka kuendelea, msasa namba 1000 halafu 2000 (namba kubwa ndiyo laini zaidi), umeloweshwa mafuta, umezungushiwa kipande cha kizibo cha chupa, ukisugua kwa urefu kutoka kisiginoni kwenda nchani na vidole vikiwa upande wa mgongo. Vishimo vitabaki. Kuvimaliza ni kupunguza ubapa mzima, na wako hauna wa kupunguza. Muhimu ni vile vilivyo kwenye makali yenyewe: vitazame kwa kioo cha kukuzia. Kishimo kikiwa kimefika ukingoni, hapo makali yatakuwa yanameguka kila ukinoa mpaka ukipite.

Sista wa Likoni

Hamjambo. Mimi ni muuguzi Mombasa, nimeingia kwa sababu kaka amesema ni kinyozi na anataka kunyolea. Unyolee ndevu zako wewe, kaka yangu. Wateja usiwaguse nao.

Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kubaki hai nje ya mwili, kwenye kitu kikavu, siku saba na zaidi, na damu inayotosha kuambukiza ni kidogo kiasi kwamba huioni. Kiwembe cha kutupa kinafunguliwa mbele ya mteja na kinatupwa. Wembe huu una vishimo vya kutu, una mfereji ndani ya mpini, una ripiti. Hakuna namna ya kuusafisha kibandani ukawa salama kati ya mtu na mtu, na ukiuchemsha kila mara utauharibu na mpini utalegea. Babu aliwanyoa manamba wote kwa mmoja kwa sababu wakati ule hayo hayakujulikana.

Na ukijikata nao: osha kwa maji mengi na sabuni, na kama chanjo ya pepopunda imepitwa na wakati nenda ukachanjwe.

Fundi Mpingo, Mtwara

Mkuu wa Ngamiani, mpini tumia mpingo. Mimi nachonga, na nimeshawatengenezea watu mipini ya visu na ya nyembe mbili tatu.

Nenda kwa wachongaji, ombeni vipande vinavyobaki, huhitaji gogo. Unataka vipande viwili urefu wa sentimita 16, upana kama 2 na nusu, vimekaa angalau mwaka vikikauka kivulini. Chagua moyo mweusi peke yake. Ile sehemu ya njano pembeni inapendeza ila wadudu wanaijua. Mpingo ni mzito hata unazama majini, kwa hiyo upunguze unene mpaka milimita 3 kila upande, ukiacha zaidi wembe utaelemea nyuma mkononi. Nyuzi za mti ziende kwa urefu, zikikatiza utavunjika kwenye tundu la ripiti.

Kabla ya yote chukua mpini wa zamani uulaze kwenye kadibodi, uchore umbo lake na alama za matundu yote. Hapo palipojikunja nyoosha mchoro kwa kukisia kutoka upande mzima. Vipande vyote viwili vibandike pamoja kwa gundi ya karatasi vikiwa na karatasi katikati, utoboe na kusawazisha kama kitu kimoja, halafu uvitenganishe kwa maji ya uvuguvugu. Vaa kitambaa puani, vumbi la mpingo linawasha macho na kifua.

Mkiani, katikati ya vipande viwili, weka kijiti chembamba cha pembe ya ng'ombe, kinene kidogo nyuma na chembamba mbele, ndicho kinachofanya mpini ubane vizuri. Ripiti: ile fimbo ya shaba ya njano ya mafundi kuchomelea, ya milimita 1.6, inafaa. Ikate ibaki ikichungulia kidogo sana kila upande, uigonge kwa nyundo ndogo ya kichwa cha mviringo, gonga gonga nyepesi, ukigeuza upande kila mara. Ukigonga kwa nguvu fimbo inapinda ndani na mpingo unapasuka. Ya mkiani unaifunga moja kwa moja. Ya wembe unaifunga nusu, unaukunja ubapa uone unaingia katikati bila kugusa upande wowote, halafu ndiyo unamaliza.

Vanishi usipake. Mafuta kidogo na kitambaa inatosha.

Mzee wa Pangani

Fundi wa Mtwara amesema sawasawa. Mimi naongeza la ripiti. Huo waya mwekundu alioutia babu yako ni waya wa umeme au wa simu, umepatikana shambani huko huko. Hakuwa na kikofia, akagonga kichwa kikubwa ili kishike. Kikashika mpaka plastiki yenyewe ilipochoka. Ningekuwa wewe, ripiti ya chini ya mpini mpya ningeitia waya mwekundu pia. Unene ukiwa sawa na tundu haina madhara yoyote.

Mtanga wa Wuppertal

Naomba niseme la kunoa, maana hapo ndipo wembe mzuri unapoharibika.

Kwa vipimo vyako, mgongo 4.3 na upana 16, makali kisiginoni yanakaa kwenye pembe ya nyuzi 15 na nusu. Katikati, penye upana wa 15, ni 16 na nusu. Vyote viwili ni vizuri kwa wembe. Pembe hiyo inatoka kwenye umbo lenyewe, kwa hiyo kazi yako ni moja: mgongo usiinuke kwenye kinoo hata mara moja. Unasukuma makali yakiwa mbele, unageuza juu ya mgongo, unarudi. Uzito wa mkono ni wa wembe wenyewe tu.

Tatizo lako ni ule mbonyeo wa katikati. Kinoo kipana cha kawaida kitagusa kisigino na ncha, katikati patabaki butu. Wapo watakaokwambia usimamishe makali juu ya jiwe uyakate mpaka yanyooke. Usifanye. Utapoteza karibu milimita nzima kisiginoni. Tafuta kinoo chembamba, upana wa sentimita 2 hivi, kiingie ndani ya mbonyeo. Namba 1000 mara moja tu ya kuweka makali, kisha 4000 au 5000, kisha 8000, na ukipata 12000 umalizie. Vinoo vya mchanga vya sokoni ni vya mapanga, vitauchana. Kila utakaponoa, kisigino na ncha vitalika zaidi kuliko katikati, na baada ya muda mstari utajinyoosha wenyewe.

Baada ya kinoo ni mkanda wa ngozi, na hapo mwelekeo unageuka: mgongo mbele, makali yanafuata. Ukikosea mwelekeo utakata mkanda. Ukishanyoa futa, kausha, paka mafuta ya cherehani. Hewa ya Tanga ina chumvi, usiuache usiku mmoja ukiwa na unyevu.

Kinyozi wa Ngamiani

Sista wangu wa Likoni, nimekuelewa. Wembe huu hautakaa kibandani, utakaa nyumbani. Kibandani tunaendelea na viwembe vya kutupa kama kawaida.

Wakuu, hali ya sasa: kutu nyekundu imetoka kwa mafuta na kiwembe, weusi nimeuacha. Nimetazama makali kwa kioo cha kukuzia. Kuna kishimo kimoja tu kilichofika ukingoni, karibu na kisigino, mahali ambapo hapanyoi sana. Mgongo na shingo sikugusa. Karatasi ya chapa nimempa binamu anayesafiri, itafika Wuppertal.

Mpingo nimeupata kwa mchongaji mmoja hapa mjini, vipande viwili vyeusi, amenipa bure alipoona wembe. Waya mwekundu ninao, mzee wangu.

Kilichobaki ni kinoo. Nimezunguka maduka ya vifaa vya ujenzi ya hapa yote, nazikuta 400 na 1000 pana tu. Aliyepo Dar au Arusha anayejua duka lenye kinoo chembamba cha 5000 na 8000, au mwenye kipande kilichovunjika asichokitumia, naomba aandike hapa. Nauli ya kutumiwa kwa basi nalipa mimi.